Dirisha Linafungwa Saa Kumi

Baba alianza kuniita Dokta nikiwa kidato cha kwanza, siku nilipoongoza darasa katika Biolojia. Mama akafuata, kisha wadogo zangu, kisha mtaa mzima. Kufikia kidato cha sita nilikuwa nimeshaombwa ushauri kuhusu kisukari, miguu iliyovimba na mbuzi aliyegoma kula. Kwa hiyo asubuhi tuliyokwenda Kituo cha Watangulizi kuamua nitasomea nini, Baba hakuwa na wasiwasi wowote. Alivaa koti lake la kuendea harusi, akakaa kwenye benchi la nje, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akasema, "Nenda Dokta, mimi nakusubiri hapa."

Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka jeshini Jumamosi, kwenye mafunzo ya wahitimu wa kidato cha sita, miguu imejaa malengelenge, na tangu mtihani wa mwisho sikuwa nimelala usingizi wa kueleweka. Jana yake walinikalisha kwenye kiti cha kituo, wakanivika kofia yenye nyaya, wakachukua nakala mbili za akili yangu. Haiumi. Ni kama kusukwa nywele na mtu mwenye vidole vya baridi. Nakala moja ikapelekwa udaktari. Ya pili ikapelekwa ufugaji nyuki.

Nyuki ni kosa langu. Mnasihi aliniambia lazima nijaze chaguo la pili, na lisiwe la hospitali. Kichwani sikuwa na kitu. Nikakumbuka siku kundi la nyuki lilipoingia bwaloni kule jeshini, na afande aliyekuwa akitutukana tangu alfajiri akaruka dirishani wa kwanza. Ndiyo siku pekee niliyocheka kule. Nikasema, "Nyuki," naye akaandika.

Usiku kucha, mimi nikijigeuza kitandani kwa shangazi hapa Tukuyu, wenzangu wawili walikuwa wakiishi. Ndani ya mashine saa yetu moja ni miaka yao miwili. Walisoma, wakahitimu, wakaajiriwa, wakaugua, wakazika watu. Nilipoamka kupiga mswaki, kila mmoja alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya arobaini, akiningoja nikamuulize kama ilifaa.

*

Kituo kilikuwa ghala la chai zamani, na mvua ikinyesha bati lake linapiga kelele mpaka mtu unarudia maneno. Mnasihi wangu, Mwalimu Kihwele, alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la kijivu na sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo lilelile mara nyingi mno.

"Utaongea na mmoja, halafu na mwingine," alisema. "Unayemtaka unamsainia, chuo kinakupokea, na yeye anabaki kuwa mshauri wako sikioni mpaka unastaafu. Asiyechaguliwa unamzima. Sheria inataka mkono wako mwenyewe, si wangu. Usiposaini mpaka saa kumi, dirisha linafungwa, wanazimwa wote wawili, na nafasi yako anapewa mwingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"La mwisho ni lile." Akanionyesha bango ukutani, herufi kubwa nyekundu: USIMWAMKIE MTANGULIZI WAKO.

"Kwa nini?"

"Ni wewe yule. Mtu hajiamkii. Ukishampa shikamoo amekuwa mkubwa wako, na mkubwa hazimwi. Kila mwaka nawaambia, na kila mwaka wananijibu wameelewa."

Akawasha skrini.

*

Daktari alikuwa mimi, ila uso umevutwa chini. Alikaa nyuma ya meza ndogo kwenye chumba chenye pazia la kijani, na nyuma ya pazia mtu alikuwa akikohoa. Shikamoo ilinifika mdomoni, nikaing'ata.

"Habari," nikasema, nikajisikia sina adabu.

"Nzuri. Uliza haraka, kuna mtu anaandaliwa kwa upasuaji."

"Kazi ikoje?"

"Nzuri." Akafikiri. "Watu wengi wanapona. Wasiopona, ndugu zao wanakushukuru vilevile. Hapo ndipo panapochosha."

"Una familia?"

"Alikuwepo mtu. Alichoka kula peke yake."

"Na Baba?"

Hapo akatabasamu kidogo. "Baba ana raha. Kila Jumapili nikienda kanisani ananipangia wagonjwa mlangoni. Bibi aliishi miaka tisa zaidi ya walivyotegemea. Hilo nalijua nililifanya mimi."

Nilitaka kuuliza zaidi kuhusu Bibi, lakini Daktari alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, na macho yakafumba. Nikasubiri. Mvua ikapiga bati. Nikamgeukia Mwalimu Kihwele.

"Amelala?"

"Wa udaktari hulala."

"Si anajua nimekuja kuamua kama ataendelea kuwepo?"

"Anajua."

Nikamwita taratibu. Akafumbua jicho moja, akasema, "Ukiamua kunizima, nizime nikiwa hivihivi. Usiniamshe kwanza." Akafumba tena.

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Mtu aliyechoka kiasi kile hafai kuulizwa kama anataka kuishi. Atakalojibu ni usingizi unaoongea, na mimi nisingeweza kulishika kama ruhusa.

*

Yule wa pili alikuwa barazani kwake. Nyuma yake mizinga ilining'inia kwenye miti, na jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka karibu lizibe. Alikuwa akijifuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, kiganja kwanza halafu nyuma ya mkono, vilevile anavyofanya Mama akitoka jikoni.

"Shikamoo," nikasema. Ilitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ngoja nivute kigoda."

Nyuma yangu Mwalimu Kihwele alishusha pumzi ndefu.

"Jicho limefanya nini?"

"Wenye nyumba wamenikumbusha kwamba mimi ni mgeni." Akacheka, akashika jicho kwa sababu kucheka kulimuuma.

Nilimpenda palepale. Nikamuuliza kama anaipenda kazi yake, nikitumaini atasema ndiyo kwa nguvu ili nipate pa kushika. Hakusema.

"Zipo siku naipenda. Zipo siku natamani hata kuuza vocha kivulini. Sitakudanganya kwamba umezaliwa kwa ajili ya nyuki. Niko nao tangu nikiwa msichana, na hilo bado silijui."

"Sasa kwa nini nikuchague wewe?"

Akaangalia pembeni. "Tusa! Njoo usalimie."

"Mama, hapana," Mwalimu Kihwele akasema kwa sauti. "Hilo haliruhusiwi."

Lakini mtoto alikuwa ameshafika. Msichana wa miaka saba hivi, sketi ya shule, pengo mbele, kaptura ya michezo inachungulia chini ya sketi. Alipiga magoti, kama sisi wasichana wa kwetu tunavyofundishwa kumsalimia mtu mzima, akainamisha kichwa kuelekea kwangu.

"Shikamoo."

Mimi nina miaka kumi na tisa. Kwa wadogo zangu nyumbani nikipata "mambo" nashukuru. Lakini nani anamwacha mtoto chini na magoti yake bila kumwitikia?

"Marahaba," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo." Akanyanyuka, akanikagua, kisha akamwuliza mama yake kwa sauti ya juu aliyodhani ni mnong'ono, "Ndiyo huyu? Mbona amechoka?"

"Nenda ndani," mama yake akasema. Mtoto alipoondoka akanigeukia, na kicheko kilikuwa kimeisha. "Anaitwa Tusajigwe. Ukimsainia daktari, na yeye anaondoka pamoja na mimi. Sikuombi kitu, nakueleza tu ujue." Akajifuta mikono tena kwenye khanga. "Naongopa. Nakuomba."

*

Mwalimu Kihwele alisimamisha picha, akavua miwani.

"Yule mtoto ni wa kweli?" nikauliza.

"Watu wa pembeni mashine inawatunga. Bosi, majirani, wateja, ni sura na maneno, ndani hakuna mtu. Hapo mwanzo hata watoto walitungwa hivyo. Ila wazazi waligundua. Mama anamlaza mwanawe, anamtazama, anajua pale hakuna mtu. Watangulizi wakawa wanapiga mayowe, hawafai tena kwa ushauri. Ikabidi mafundi wawape watoto akili. Nusu inatoka kwa mzazi, nusu inachanganywa."

"Kwa hiyo ni wa kweli."

"Mimi ni mnasihi, Subilaga. Neno hilo kazini silitumii."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Wamesimama wote. Ukiongea nao mwendo wao unalingana na wetu. Ukimaliza nawasimamisha mpaka usaini."

"Na ukiwaacha?"

"Wanaendelea na mwendo wa usiku. Saa moja, miaka miwili. Inaruhusiwa mpaka dirisha lifungwe, ila hakuna anayeomba. Watu wanataka wasaini waende nyumbani."

"Waache waendelee," nikasema. "Wote."

"Utajitesa bure. Mwisho utaamua vilevile."

"Naomba uwaache, Mwalimu."

Ilikuwa kama saa nne na nusu. Akabonyeza, skrini ikawa nyeusi, taa mbili ndogo za kijani zikaanza kupepesa. Tangu nimalize mtihani kila mtu alikuwa akinisukuma niamue upesi. Sasa kwa mara ya kwanza kuchelewa kwangu kulikuwa kunamsaidia mtu. Kila dakika niliyokaa bila kujua ninachotaka, Tusa alikuwa anakua.

*

"Dokta! Tayari?" Baba alikuwa ameniwekea chai kwenye kifuniko cha chupa.

"Bado, Baba."

"Bado nini? Hukumwona?"

"Nimemwona. Alilala tukiwa tunaongea."

"Daktari kulala ni kawaida. Anafanya kazi." Akanisogezea ndizi za kuchemsha alizofunga Mama. "Kula."

Nikala. Nikahesabu kichwani, Tusa sasa anaingia darasa la tatu.

"Baba, yule wa nyuki ana mtoto."

Akaacha kutafuna. "Mtoto wa nani?"

"Wangu. Nadhani."

"Ameolewa?"

"Sikumuuliza."

"Ungeuliza." Akatafuna kidogo, akameza. "Anafanana na nani?"

"Na Mama. Hasa akikusema."

Baba akaangalia mvua, na nikaona kitu kinapita usoni kwake, karibu kiwe tabasamu. Kisha kikaondoka. "Subi, nisikilize. Hao wa kwenye mashine wana mashine yao. Mimi nina Bibi yako, anayekaa kitako usiku kucha kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Zahanati yetu ina skrini. Daktari yuko mjini, anamwambia mama yangu avute pumzi, halafu mtandao unakatika. Nataka mtu mwenye mikono. Nimetaka hivyo miaka yote, nadhani unajua."

"Najua."

"Basi."

Alikuwa na haki, na nilichukia kwamba ana haki. Angefoka ningemjibu. Badala yake alinifunika koti lake la harusi, nikalala palepale benchini, na usingizini nilisikia bati, na waombaji wengine wakitoka kituoni na wazazi wao, wengine wakipigiwa vigelegele. Niliposhtuka ilikuwa saa nane. Tusa alikuwa amemaliza darasa la saba bila mimi kujua amefaulu au la. Nikajilazimisha kukaa. Nilitaka kuingia kumwona, lakini ningeingia, mwendo ungepungua, na ningekuwa namlia muda wake kwa maongezi. Kwa hiyo nilikaa nje kwenye baridi nikimwachia. Sikuwahi kumfanyia mtu mwingine jambo kama hilo, na lilinichosha kuliko kwata la jeshini.

*

Mwalimu Kihwele alikuja mwenyewe kuniita. "Njoo. Muda umebaki kidogo sana."

Skrini ilipowaka, barazani hakuwepo mtangulizi wangu. Alikuwepo msichana mrefu, ameegemea nguzo, nywele zimekatwa fupi kama za mwanafunzi. Pengo lilikuwa limekwisha kujazwa. Tulikuwa tumelingana.

"Mama yuko mizingani," alisema. "Amesema hawezi kuja kukuomba mara ya pili. Anaona aibu."

"Wewe unajua kuhusu leo?"

"Tangu nikiwa na miaka kumi. Alinikalisha akanieleza kila kitu. Kwamba ipo siku utarudi, na kwamba kwako itakuwa siku ileile." Akainua bega. "Niliogopa sana, mwaka mzima silali. Baadaye nilichoka kuogopa. Kuna mitihani, kuna kuchota maji, kuna mambo mengi."

"Samahani," nikasema.

"Ya nini? Ulituacha tukaendelea. Mama anasema hakutegemea." Akasogea karibu na skrini. "Naomba nikuulize kitu. Huku wa rika langu wote wametungwa. Ukiwauliza la maana wanakuambia Mungu ni mwema. Nimemaliza kidato cha sita. Mama anataka nisome sheria. Shuleni wanataka uhandisi. Fomu zinafungwa Ijumaa. Wewe ulijuaje unachotaka?"

"Sikujua."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Nyuki wenyewe niliwachagua kwa kumcheka afande."

Alinitazama kuhakikisha sitanii, kisha akacheka, kicheko cha mama yake, na mimi nikacheka, mpaka Mwalimu Kihwele akagonga saa yake kwa kidole.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza. "Siyo sheria, siyo uhandisi. Wewe."

"Usinicheke."

"Sikucheki."

"Nataka kukaa mwaka mmoja. Nyumbani tu. Nilale mpaka nichoke kulala. Nisome kitabu ambacho hakuna atakayenitungia maswali. Nimsaidie mama na mizinga, halafu nione moyo unaelekea wapi." Alisema haraka, macho chini. "Lakini hakuna anayeruhusu. Wanasema ukikaa umepotea."

Nililia. Nilikuwa nimejibu maswali yote ya kituo kile kuhusu alama zangu, afya yangu na uwezo wa nyumbani, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nataka nini, mimi mwenyewe nikiwemo. Angeniuliza mtu ningejibu maneno yaleyale, mpaka la kitabu.

"Kaa," nikamwambia. "Kaa mwaka wote. Wakikusumbua waambie nimekuruhusu mimi."

"Wewe ni nani kwao?" aliuliza.

Nikamwomba Mwalimu Kihwele anionyeshe Daktari.

"Huna haja ya kumwangalia," alisema. "Wengine hubonyeza tu."

"Naomba."

Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mgonjwa, nywele zimeota mvi, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi. Hospitali nzima ilikuwa kimya. Mgonjwa alikuwa kikongwe, anapumua vizuri, na bintiye alikuwa amesimama hapo hajui afanye nini na shukrani yake. Mwishowe alivua khanga ya mabegani, akamfunika Daktari miguu, akairekebisha upande mmoja ulioteleza. Alikuwa mtu wa kutungwa yule. Ndani hakuna mtu. Alimfunika vizuri sana.

Nikamfikiria Bibi akikaa kitako gizani. Nikabonyeza. Daktari hakushtuka. Kisha nikaweka kidole gumba kwenye kioo cha saini, ufugaji nyuki, shahada ya kwanza, na Mwalimu Kihwele akageuza uso wake ukutani kama vile alikuwa akisoma lile bango.

"Kuanzia sasa siku yao moja ni siku yako moja," alisema. "Nenda nyumbani."

*

Baba alijua kabla sijafika benchini. Sikumficha. Nilimwambia nyuki, nikamwambia Tusa, nikamwambia na khanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaza kifuniko cha chupa, akakifungua, akakikaza tena.

"Bibi yako tutamwambiaje?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua. Mpaka leo nikifika nyumbani, Bibi akiwa ameketi kitandani na mto mgongoni, namrekebishia mto na kuzungumza mengine.

Tulitembea hadi kituo cha magari. Mvua ilikuwa imekatika. Mtangulizi wangu aliongea sikioni kwa mara ya kwanza tulipokuwa tunavuka barabara, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelia akanawa uso. Alisema asante. Alisema nisimjibu, niwe na Baba.

"Tusa anafanya nini?" nikanong'ona.

"Amelala," alisema. "Amejifunika mpaka kichwani, na ameniambia nisimwamshe."

Mimi nilitakiwa chuoni Jumatatu, saa moja kamili asubuhi.